Shokomzoba Mpya, Mlio Ule Ule

SWALI

Assalamu alaykum, mheshimiwa mshauri.

Mimi ni mfanyabiashara wa samaki hapa Malindi. Siku nyingi alfajiri gari langu, Toyota Fielder, huenda Ngomeni kupakia samaki, kisha hurudi kuwagawa sokoni na kwa wateja wetu wa Watamu. Dereva ni mwanangu, lakini mara nyingi mimi mwenyewe huketi kando yake, kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyasikia kwa masikio yangu. Lami huishia karibu na Gongoni, na kutoka hapo kuingia Ngomeni ni udongo na mchanga ambao msimu wa mvua hugeuka mashimo.

Kwa muda mrefu upande wa kushoto mbele umekuwa ukitoa mlio mzito, mara moja tu, gari linapopanda tuta au linapoingia shimoni. Mlio huo husikika pia mwanangu anapofunga breki kwa ghafla, na wakati huo usukani huvuta kidogo kuelekea kushoto. Kwenye barabara ya udongo yenye mikunjo midogo husikika pia mlio mwingine mwepesi, kama vyuma viwili vinavyogonganagongana bila kupumzika. Tairi la mbele kushoto linalika upande wa ndani, nami nimekwisha kulipelekea gari kupangwa magurudumu, lakini tairi jipya limeanza kulika vile vile.

Fundi wetu alibadilisha shokomzoba za mbele. Jozi ya kwanza ilivuja mafuta kabla ya mwaka kuisha, akaweka nyingine. Nakiri kwamba gari sasa halirukiruki kama zamani, lakini mlio haukuondoka. Akabadilisha bushi za mikono ya chini, mlio ukatulia kwa wiki chache, kisha ukarudi. Sasa anasema shokomzoba nilizonunua ni bandia, kwamba ninunue zote nne, na kwamba kwa kuwa nyuma gari hulala na kugonga chini tunapopakia, aniwekee spesa za kuliinua pande zote. Shemeji yangu anasema niliuze gari kabla halijanifilisi. Nifuate ushauri wa nani, na kwa hakika ni kitu gani kilichochakaa?

Wako,
Mama wa Samaki, Malindi

JIBU

Wa alaykum salaam, Mama.

Nakushukuru kwa barua iliyonipa dalili badala ya hasira tu, kwa maana maelezo yako peke yake yanaondoa nusu ya mambo ambayo fundi angeyashuku. Nitasema tangu mwanzo ninavyoona: shokomzoba zako za sasa huenda ni nzima, na fedha ya kununua nne nyingine ungeitoa kutibu kiungo kisichougua.

Kazi ya shokomzoba si kubeba gari. Uzito wa gari hubebwa na springi, na springi ikishabonyezwa na shimo hutaka kurudi juu, kisha chini, kisha juu tena. Shokomzoba ndiyo inayoizuia, kwa kulazimisha mafuta yaliyo ndani yake yapite kwenye matundu madogo, hata mwendo ule ukafa upesi. Kwa sababu hiyo shokomzoba iliyokufa hujulikana zaidi kwa mwenendo wa gari kuliko kwa sauti: gari huendelea kuyumba baada ya tuta, pua huinama mno wakati wa breki, masafa ya kusimama huongezeka, na tairi hulika kwa mabonde mabonde kuzunguka uso wake wote. Wewe umeandika kwamba gari halirukiruki tena, na kwamba tairi linalika upande mmoja. Hayo si malalamiko ya shokomzoba. Ukitaka kujiridhisha, gari likiwa limesimama, mwambie mwanao alibonyeze kwa nguvu pembe moja ya mbele kisha aliachie. Likirudi juu na kutulia, shokomzoba inafanya kazi yake, ingawa jaribio hilo hukamata iliyokufa kabisa kuliko ile iliyochoka nusu. Aitazame pia kwa macho. Unyevu mwembamba uliochanganyika na vumbi karibu na shina, yaani kile chuma chembamba kinachoingia na kutoka ndani yake, si msiba, lakini mafuta yanayotiririka hadi chini ya mwili wake ni hukumu.

Jozi ya kwanza ilivuja, ndiyo, lakini kabla ya kulaumu duka ningeuliza ilifungwaje. Nati ya juu ya shokomzoba hukazwa huku shina likitaka kuzunguka pamoja nayo, na fundi asiye na kifaa cha kulishika shina kwa juu hulibana kwa koleo katikati. Shina hilo limepakwa kromiamu na kung'arishwa ili lipite kwenye sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke, bila kuikwaruza, na meno ya koleo huacha kovu ambalo kila likipanda na kushuka hukata sili kidogo. Jambo la pili ni kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi pamoja na kile kipande cha mpira kinachokaa ndani yake ili gari likibonyea hadi mwisho chuma kisigonge chuma. Vitu hivyo viwili huuzwa kando, bei yake ni ndogo, na mara nyingi fundi hurudisha vile vilivyooza au haviweki kabisa. Shina lililo wazi kwenye mchanga wa njia ya Ngomeni halihitaji kuwa bandia ndipo livuje.

Sasa tuje kwenye milio yako, ambayo naamini ina vyanzo viwili tofauti.

Ule mwepesi usiopumzika kwenye mikunjo ya udongo, mshuku wake wa kwanza ni linki za stabilaiza. Stabilaiza ni kile chuma kirefu kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona, na linki ni vijiti vifupi vyenye vifundo viwili vinavyokishika pande zote. Vifundo hivyo vikilegea hucheza kwa sehemu ndogo ya milimita, kiasi ambacho mkono hauwezi kukigundua, lakini barabara hukipata. Kuna njia ya kuthibitisha isiyogharimu chochote isipokuwa muda: fundi afungue linki zote mbili, azifunge pembeni kwa waya zisiguse tairi wala hosi ya breki, kisha gari liendeshwe polepole kwenye udongo ule ule. Mlio ukipotea, umempata mwenye kosa. Gari litalala zaidi kwenye kona bila linki hizo, basi jaribio lifanyike kwa mwendo wa taratibu na zirudishwe kabla ya kushika lami. Linki ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu katika sehemu yote hiyo ya gari, na inasikitisha kwamba kwa kawaida hufikiriwa mwisho.

Mlio mzito ndio ulionifanya nisome barua yako mara ya pili. Unasikika tutani, unasikika tena wakati wa breki, na wakati huo usukani unavuta. Mbele ya Fielder kila gurudumu hushikwa chini na mkono mmoja wa chuma, na mkono huo umefungwa kwenye fremu kwa bushi mbili za mpira. Ile ya nyuma ndiyo inayozuia gurudumu lisisogee mbele na nyuma. Ikipasuka, breki zinapofungwa gurudumu hurudi nyuma kidogo, chuma hugonga chuma mara moja, mwelekeo wa gurudumu hubadilika kwa muda huo, na usukani huvuta upande wenye ugonjwa. Hapo hapo ndipo siri ya tairi lako ilipo. Kupanga magurudumu ni kurekebisha pembe za gari likiwa limesimama. Bushi iliyolegea haizishiki pembe hizo gari likitembea. Waliokupangia magurudumu huenda walifanya kazi safi juu ya msingi unaocheza.

Utaniambia kwamba bushi zilibadilishwa. Naam, na zikatulia kwa wiki chache tu. Hili ni kosa ninaloliona katika gereji nyingi za mwambao, hata za mafundi hodari, na ndilo ninaloomba ulisimamie mwenyewe.

Bushi ya namna hii haizunguki kama beringi. Mpira wake umegandishwa kwenye bomba dogo la chuma lililo katikati, na bolti ikikazwa hulibana bomba hilo lisisogee kabisa. Mkono unapopanda na kushuka, ni mpira wenyewe unaojipinda, na hali ambayo mkono ulikuwamo wakati bolti inakazwa ndiyo ambayo mpira huihesabu kuwa nyumbani kwake. Fundi akiwa ameliinua gari kwa jeki, gurudumu linaning'inia na mkono umeelekea chini. Akikaza hapo, akishusha gari mkono hupanda hadi mahali pake pa kawaida, na mpira unabaki umepindwa mchana na usiku kama nguo inayokamuliwa, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila shimo huongeza mpindo juu ya mpindo. Kwa siku za mwanzo kila kitu ni kimya, maana mpira ni mpya. Kisha hupasuka pembeni, na mwenye gari huambiwa kwamba siku hizi hakuna vipuri vya maana.

Namna iliyo sahihi si ngumu. Bolti ziingizwe na kukazwa kwa mkono tu, gari lishushwe juu ya magurudumu yake, litikiswe mara kadhaa ili likae mahali pake, ndipo zikazwe kabisa. Ikiwa hakuna shimo la ukaguzi na fundi hawezi kuzifikia gari likiwa chini, basi aweke jeki ya pili chini ya mkono wenyewe na kuuinua hadi bodi inapoanza kunyanyuka kutoka kwenye stendi. Hapo uzito wa gari umekwisha kurudi juu ya springi. Kanuni hiyo ni ile ile kwa bushi kubwa za ule mhimili wa nyuma unaounganisha magurudumu mawili. Na asipake mafuta ya injini yaliyotumika ili kunyamazisha mpira unaolia, kwa kuwa mafuta hayo huufanya mpira uvimbe na kuoza. Nimeona bushi zilizochakaa kwa mafuta kuliko kwa barabara.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, nataka boljointi ikaguliwe, kwa sababu za usalama na si za kelele. Hiyo ndiyo kifundo cha mwisho wa mkono, kinachouunganisha na gurudumu. Bushi iliyopasuka hukuudhi. Boljointi iliyochomoka hulilaza gurudumu chini ya gari, nawe uko kwenye daraja la Sabaki na samaki nyuma. Gurudumu la mbele liinuliwe, gari likae juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake, kisha mwanao alishike tairi juu na chini alitikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki huku yeye akiendelea kutikisa: mchezo ukipotea, mlegevu ni beringi ya gurudumu, ukibaki, ni boljointi. Baada ya hapo alishike kushoto na kulia alitikise tena, na mchezo wa upande huo kwa kawaida hutoka kwenye viungo vya usukani, yaani tairodi endi au kile kifundo cha ndani kilichofichwa na mpira wa mikunjo. Mwisho, fundi apenyeze mtaimbo kati ya mkono na fremu, ausukume mbele na nyuma, na kutazama bushi kwa tochi. Mpira ulioachana na chuma utaonekana ukifumbuka kama mdomo. Boljointi ikikutwa na mchezo, gari lisiende Ngomeni siku hiyo hata kama samaki wanasubiri.

Nikirudi nyuma ya gari, hapo fundi wako ameona ugonjwa halisi, ila dawa aliyoitaja siipendi. Gari linalolala na kugonga chini likipakiwa ama springi zake zimechoka, ama zimekatika, ama mzigo umezidi, na kwa biashara yako naogopa yote matatu. Samaki katika joto letu huhitaji barafu inayokaribia uzito wao wenyewe, kwa hiyo kila kilo unayoiuza huwa ni karibu kilo mbili kwa springi, kabla hujahesabu masanduku, dereva na wewe. Tena barafu ile huyeyuka, na maji yake yenye chumvi na damu ya samaki hupenya sakafuni na kudondokea mahali pale pale kila siku. Springi hukatika mara nyingi kwenye duara la chini kabisa, ndani ya kikombe chake, mahali ambapo maji hutuama na macho hayafiki. Kipande cha mwisho hubaki kimekaa kana kwamba hakuna kilichotokea, na gari likashuka sentimita chache upande mmoja. Simamisheni gari tupu kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, presha ya matairi ikiwa kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, mpime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Kushoto na kulia zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja hivi, springi ishushwe itazamwe.

Springi zikibainika kuwa mbovu, zinunuliwe mbili kwa pamoja, na kwa kazi yako uulize zile nzito zaidi zilizotengenezwa kwa magari ya mzigo ya aina hiyo. Usikubali vile vipande vya mpira vinavyopachikwa katikati ya duara za springi, kwa sababu huzifunga duara mbili zisifanye kazi na kuzitwisha zile zilizobaki mzigo wote. Masanduku yawekewe trei ya plastiki yenye bomba la kutolea maji nje, na chini ya gari kuoshwe kwa maji ya bomba; maji ya visima vingi vya mwambao yana chumvi yake yenyewe, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kazi bure.

Spesa nimeziacha hadi sasa kwa makusudi. Sizikatazi moja kwa moja, kwa kuwa njia ya Ngomeni ni ile mnayoijua na Fielder halikuzaliwa kwa ajili yake. Lakini spesa haiongezi nguvu ya springi hata chembe. Gari lililokuwa likilala litaendelea kulala, isipokuwa sasa linaanzia juu zaidi. Mbele, mikono ya chini itaelekea chini kuliko ilivyokusudiwa, boljointi na viungo vya ekseli vitafanya kazi kwa pembe kali, na spesa ikikaa kati ya springi na kikalio chake, shokomzoba itakuwa karibu na mwisho wa urefu wake, kiasi kwamba gurudumu likidondoka shimoni litagonga kwa juu. Zaidi ya yote, bushi zote zilizokazwa katika kimo cha zamani zitakuwa zimepindwa tena, hata kama zilikazwa vizuri. Anayeweka spesa bila kulegeza bolti za bushi na kuzikaza upya katika kimo kipya amepanda mbegu ya mlio mwingine. Ikiwa baada ya matengenezo haya yote bado gari litakuwa linasugua tumbo, wekeni nyembamba za aluminiamu, na magurudumu yapangwe upya siku hiyo hiyo.

Utaratibu wa kutumia fedha yako, basi, ningeupanga hivi. Ukaguzi wa boljointi na bushi uje kwanza, na mojawapo ikiwa mbovu, mara nyingi ni nafuu kununua mkono mzima wenye boljointi na bushi zake kuliko kukanyaga bushi kwa mashine ya presi kwenye mkono uliokwisha kuliwa na kutu. Linki za stabilaiza zifuate, zote mbili. Hapo endesheni gari kwa wiki moja mkisikiliza. Springi za nyuma ziwe mzigo wa mwezi unaofuata, na katika kipindi hicho punguzeni masanduku. Shokomzoba za mbele ziacheni zilipo. Za nyuma nisingezigusa mpaka springi zifunguliwe, maana ndipo zitakapopimwa kwa haki. Kazi yoyote itakayohitaji kutenganisha springi na shokomzoba ya mbele ifanywe kwa kibanio chake maalumu, si kwa kamba wala kwa mtu kukanyaga. Springi iliyobanwa ikifyatuka huvunja mfupa. Kupanga magurudumu kuje mwisho baada ya vyuma vyote kutulia, na lile tairi lililolika lihamishiwe nyuma ikiwa bado lina meno ya kutosha.

Kuhusu shemeji yako, mwambie kwamba gari likiuzwa leo litauzwa kwa bei ya mlio wake, na mnunuzi ataongeza hofu juu yake. Hesabu ya mikono miwili, linki mbili na springi mbili iandikwe na maduka mawili tofauti, moja Malindi na jingine Mombasa, ndipo mketi muamue. Mkiamua kulitengeneza, nati za magurudumu za Toyota ya ukubwa huo hukazwa kwa nyutonimita 103, na zikazwe tena baada ya gari kutembea kilomita 100 hivi.